UZI: Mafuta usiyoyaona kwenye leni ya bolingi ndiyo yanayoamua tufe likate kona wapi

#1 Fundi wa Leni

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita mdau mmoja aliandika humu kwamba bolingi ni mchezo wa bahati. Alirusha mara mbili "vilevile kabisa", tufe la kwanza likaangusha pini zote kumi, la pili likapita pembeni likaacha pini saba zimesimama. Nilianza kumjibu palepale, jibu likazidi kurefuka, nikaona nifungue uzi.

Mimi ni fundi wa leni, zile njia ambazo tufe hupita kwenda kwenye pini, huku Ohio, Marekani, mwaka wa saba sasa. Kila siku kabla ukumbi haujafunguliwa nasafisha leni 32 na kuzipaka mafuta, na Jumanne usiku nacheza ligi kwenye leni hizohizo. Huyo mdau naamini anasema kweli kuhusu mkono wake. Inawezekana kabisa alirusha vilevile. Kilichobadilika ni chini.

Watu wengi waliocheza mara moja mbili na marafiki hawajui kwamba leni ya bolingi imepakwa mafuta. Yamepakwa kwa makusudi, kwa mashine, kwa kipimo cha ubao mmoja mmoja. Ukiangalia unaona mng'aro tu, unadhani ni vanishi.

Tuanze na leni yenyewe. Kutoka mstari wa faulo, ule ambao mchezaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya mbele ni futi 60, mita 18 na ushee. Upana wake unazidi mita moja kidogo, nao umegawanywa mbao 39, kila ubao kama sentimita 2.7. Siku hizi leni nyingi ni za sintetiki, lakini bado zimechorwa mbao, maana wachezaji huhesabu kwa mbao. Anayetumia mkono wa kulia anaanzia ukingo wa kulia: ubao wa 1, wa 2, mpaka wa 20 ambao ndio wa katikati kabisa. Ile mishale saba iliyochorwa mbele yako iko kila baada ya mbao tano: wa 5, wa 10, wa 15 na kuendelea.

Mafuta yanaanza karibu na mstari wa faulo yanakwenda mpaka futi 38, 40 au 42, kutegemea mpako wa siku hiyo. Kuanzia hapo mpaka kwenye pini ni pakavu. Na mafuta yenyewe kwa leni nzima ni mililita 20 hadi 30 hivi, vijiko viwili vya chakula. Vijiko viwili vimetandazwa mita kumi na mbili! Zamani kazi yake ilikuwa kuilinda mbao isichubuke. Leo ndiyo moyo wa mchezo.

Sasa mfikirie dereva anayetoka kwenye tope kuingia lami. Akiwa kwenye tope amekata usukani kushoto, matairi yameelekea kushoto, lakini gari linazidi kwenda mbele kwa sababu matairi hayajapata pa kushika. Tairi likigusa lami tu, gari linachomoka kwenda kushoto. Dereva hakuongeza chochote. Tufe linafanya hivyohivyo. Linatoka mkononi likiwa na mambo mawili kwa pamoja: linakwenda mbele, na linazunguka kwa ubavu kwa sababu dole gumba lilitoka kwanza, vidole viwili vikamalizia kulisukuma kwa pembeni. Kwenye mafuta ule mzunguko wa ubavu unapotea bure, tufe linateleza tu. Likifika pakavu mzunguko unashika na tufe linaanza kujipinda. Baadaye mzunguko na mwendo vinakubaliana, tufe linaacha kuteleza, linabingirika moja kwa moja kwenye uelekeo wake mpya.

Kuteleza, kujipinda, kubingirika. Kila kitu kingine kwenye uzi huu ni kueleza hayo matatu yanatokea wapi na kwa nini.

Ulizeni maswali, nitajibu nikitoka kazini.

#2 Nyakio wa Thika Road

Asante sana kiongozi, sijawahi kuelezwa hivi. Swali langu: huwa tunaenda na wenzangu wa ofisini hapa Nairobi, na mimi nazungusha mkono mpaka kifundo kinauma, lakini mpira unaenda tu straight. Kwa TV naona wale jamaa mpira wao unaenda karibu na mfereji wa pembeni ya leni halafu unarudi kama umeitwa. Mimi nakosea wapi?

#3 Fundi wa Leni

Dada Nyakio, pumzisha kwanza hicho kifundo, kosa haliko hapo.

Tufe la ukumbi, lile unalolichukua kwenye rafu, kwa kawaida ganda lake ni plastiki ngumu laini. Hata kwenye pakavu halishiki vya kutosha. Ukilizungusha kwa nguvu zako zote linateleza futi 40 kwenye mafuta, linabakiwa na futi 20 za pakavu, na kabla halijajipinda cha maana limeshafika. Juu ya hapo matundu yake yametobolewa yamfae kila mtu, maana yake hayamfai mtu yeyote. Unalibana kwa nguvu lisidondoke, na mkono uliobana hauwezi kuachia vizuri.

Wale wa televisheni wanatumia matufe ya resini. Mwanzoni matufe yalikuwa ya mbao ngumu, ikaja raba, kisha plastiki ikatawala miaka ya 1970, yurethani ikaingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na resini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Resini ina vitundu vidogo sana usivyoviona, vinakunywa mafuta. Badala ya mafuta kukaa katikati ya tufe na leni kama utando, ganda linayafyonza na kuigusa leni yenyewe. Na ndani ya tufe kuna kiini kizito chenye umbo lisilo duara, kinachofanya mhimili wa mzunguko uhamehame tufe linapokwenda, hivyo kila mzunguko unagusa leni kwa sehemu ya ganda ambayo bado ni kavu.

Kwa hiyo na tufe la ukumbi, rusha moja kwa moja, lenga mshale wa pili kutoka kulia, uifurahie siku yako. Hutakuwa umekosea chochote.

#4 Mwalimu wa Tukuyu

Nafundisha fizikia sekondari, naomba nichangie kidogo.

Wanaopigia mchezo huu hesabu hutumia kiwango cha msuguano cha takriban 0.04 palipo na mafuta na 0.2 palipo pakavu. Ni mara tano. Tufe linapoteleza, msuguano unavuta kinyume na upande ambao ile sehemu inayogusa chini inatelezea. Kwa kuwa tufe linazunguka kwa ubavu, mvuto huo una kipande kinachorudisha nyuma na kipande kinachosukuma kando. Hicho cha kando ndicho kona mnayoiona.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wangu huwa hawaliamini mpaka niliandike ubaoni. Nguvu ya msuguano inaongezeka na uzito, lakini tufe zito nalo ni gumu kulisogeza kwa kiasi hichohicho. Uzito unajifuta kwenye hesabu. Kwenye mafuta mchapuko ni kama 0.4 m/s² na kwenye pakavu ni kama 2 m/s², liwe tufe la kilo 5 au la kilo 7. Kwa hiyo anayenunua tufe zito ili likate kona zaidi ameelezwa vibaya.

Swali kwa Fundi: kama ni hivyo, uzito una kazi gani?

#5 Fundi wa Leni

Mwalimu, umenifurahisha sana, na hesabu yako ni sahihi. Kazi ya uzito inaanza pale tufe linapokutana na pini.

Pini moja ina kilo moja na nusu hivi. Tufe zito kabisa linaloruhusiwa ni ratili 16, kilo 7.26. Pini zimesimama kwa pembetatu na zinahesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia: ya 1 mbele, ya 2 na ya 3 nyuma yake, mpaka safu ya mwisho yenye ya 7 hadi ya 10. Kwenye straiki (pini zote kumi kuanguka kwa kirusho kimoja) safi ya mkono wa kulia, tufe lenyewe linagusa pini nne tu: ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9. Zile sita nyingine zinaangushwa na pini wenzake. Sasa kila tufe linapogonga pini linasukumwa kando kidogo, na tufe jepesi linasukumwa zaidi, halifiki kwenye ya 5. Ndiyo maana tufe linalokuja moja kwa moja linapiga pazuri kabisa na bado linaacha pini: limeingia kwa nyuzi moja au mbili tu, likasukumwa nje. Linalokata kona linaingia kwa pembe. Vipimo vya chama cha bolingi cha Marekani, USBC, vinaonyesha pembe nzuri ni nyuzi 6 hivi, tufe likiingia kati ya pini ya 1 na ya 3.

Nyuzi sita huwezi kuzipata kwa kurusha kwa mshazari, leni ni nyembamba mno. Lazima tufe liende nje kwanza, halafu lirudi. Na kinacholiruhusu kwenda nje bila kurudi mapema ni mafuta.

Likijipinda mapema mno linaanza kubingirika likiwa bado mbali, nguvu ya mzunguko imekwisha, linafika limechoka na pini ya 10 inabaki imesimama pembeni. Likichelewa kujipinda linafika kwa pembe ndogo, linapiga ubavu tu wa pini ya mbele. Kati ya hayo mawili kuna nafasi finyu sana, na nafasi hiyo inahamahama usiku mzima.

#6 Bi Sauda wa Deira

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi mwenyeji wa Unguja, nipo Dubai miaka kumi na moja. Nacheza ligi ya kinamama, nina tufe langu la resini, ratili 14.

Fundi, umegusa donda langu. Juzi mchezo wa kwanza nimepata 180 (kamili ni 300), wa pili 191, wa tatu 134. Naapa sikubadilisha kitu. Naweka mguu palepale, natazama mshale uleule. Mchezo wa tatu kila nikirusha linakuja kwa pupa, linaipiga pini ya mbele usoni, zinabaki pini mbili tatu moja kule na nyingine huku, haziokoleki kwa kirusho cha pili. Nimerudi nyumbani nimelia, mume wangu akasema labda nimechoka. Sikuwa nimechoka.

#7 Fundi wa Leni

Wa aleykum salaam, dada Sauda. Hukuwa umechoka, na neno lako "sikubadilisha kitu" ndilo jibu lenyewe. Leni ilibadilika, wewe ukabaki palepale.

Ligi yenu mnacheza wangapi kwenye jozi moja ya leni? Tuseme wanane. Kwa mchezo mmoja ni virusho zaidi ya mia, na vingi vinapita njia moja, karibu na mshale wa pili, kwa sababu kila mtu amefundishwa kulenga pale. Kila tufe la resini linapopita linakunywa mafuta na kuondoka nayo. Ukilipangusa tufe lako likirudi, ule utepe wa mafuta unaoufuta kwenye taulo ulikuwa kwenye leni dakika moja iliyopita. Mchezo wa tatu ukifika, ile njia imekauka. Tufe lako linashika mapema kuliko saa moja nyuma, linajipinda zaidi, linapita kati ya pini ya 1 na ya 3 likaipiga ya 1 usoni.

Dawa ni miguu, usiuguse mkono. Tufe likienda kushoto mno, na wewe sogea kushoto: mbao mbili kwa miguu, ubao mmoja kwa macho. Kama ulisimama ubao wa 20 ukalenga wa 10, sasa simama wa 22 ulenge wa 11. Tufe litapita palipobaki mafuta, litateleza mbele zaidi, litafika pakavu likiwa bado na nguvu. Likizidi tena, ongeza mbili na moja. Mara ya kwanza inaogopesha, unahisi unalitupa tufe nje ya leni. Liamini.

Lipo na jambo la kinyume. Wachezaji wakiwa wengi wa plastiki na yurethani, mafuta hayanyweki, yanasukumwa mbele kwenye ile sehemu iliyokuwa kavu. Hapo utaona tufe linateleza sana mwisho, linakosa kona, linapiga ubavu wa kulia. Ukiliona hilo, rudi kulia kidogo au chukua tufe lenye ganda lililokwaruzwa.

Nakuomba jambo moja la mazoezi. Ukishaachia tufe, macho yasikimbilie pini. Litazame kuanzia kwenye mishale mpaka mahali linapogeukia. Ile pointi ya kugeukia ndiyo inayokupa habari. Pini zinakwambia matokeo, hazikwambii sababu. Ukiona kwenye mchezo wa pili kwamba pointi ya kugeukia imesogea karibu na wewe hata kama bado unapata straiki, sogea hapohapo. Usingoje mpaka pini zianze kubaki.

#8 Mashoto Msomali Bondeni

Fundi, sisi wa mkono wa kushoto tunahesabu vipi?

#9 Fundi wa Leni

Kaka, geuza kila kitu: hesabu mbao kutoka kushoto, kona ni kwenda kulia, njia yako ya kuingia ni kati ya pini ya 1 na ya 2. Na tofauti kubwa ni kwamba upande wako hauna msongamano. Mafuta yako yanadumu, mara nyingi usiku mzima. Wenzako watakwambia una bahati. Lakini siku mpako wa upande wako umekukataa, hakuna wenzako wa kuulainisha, utapambana nao peke yako.

#10 Mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili

Samahani Fundi, sijakuelewa hapo kwenye "mpako wa siku hiyo". Ina maana mnapaka tofauti tofauti? Basi si mwenye ukumbi anaweza kuamua nani afunge pointi nyingi?

#11 Fundi wa Leni

Ndugu, hili ndilo nililotaka kufika, na ndilo lililoniuma mimi binafsi.

Ile mashine ninayoisukuma ina tangi la kusafishia na tangi la mafuta. Inapita leni ikisafisha kwa mbele huku ikipaka, inarudi ikipaka tena. Kwenye kompyuta yake nachagua: ubao wa ngapi mpaka wa ngapi, mara ngapi, mpaka futi ya ngapi. Hapo ndipo mpako unapozaliwa.

Mpako wa kawaida wa ukumbi una mafuta mengi katikati na kidogo pembeni. Uwiano wa 10 kwa 1 si ajabu. Fikiri maana yake kwa mchezaji. Akikosea akarusha nje mno, tufe linakuta pakavu, linarudi lenyewe. Akikosea akarusha ndani mno, linakuta mafuta mengi, linashikiliwa lisipite mbali. Makosa ya kulia na ya kushoto yote yanaelekezwa pale kati ya pini ya 1 na ya 3, kama maji yanayotafuta bonde. Mpako huo umewekwa ili watu wafurahie mchezo, na sioni ubaya wowote.

Mpako wa mashindano ni habari nyingine. USBC kwa ligi zake ngumu hutaka uwiano usizidi 3 kwa 1. Mafuta ya pembeni yanakaribiana na ya katikati. Bonde limesawazishwa. Ukikosea nje tufe linateleza nje, ukikosea ndani linakupita.

Mwaka wangu wa tatu kwenye ligi nilikuwa na wastani wa 201. Nikajiona. Nikaingia shindano mji wa jirani, mpako bapa wa futi 42. Michezo sita, wastani 157. Nilikuwa napeleka tufe mpaka ubao wa 7 kama nilivyozoea nyumbani, nangoja lirudi. Halirudi! Ubao wa 7 pale ulikuwa na mafuta ya kutosha kulitelezesha mpaka mwisho. Kufika mchezo wa tatu nikaanza kulilazimisha kwa mkono, na mkono ukaharibika pia. Niliendesha gari kurudi nyumbani saa mbili nzima bila kuwasha redio.

Mzee mmoja tuliyecheza naye jozi moja ndiye aliyenieleza hesabu ambayo ningeijua asubuhi ile ningeokoka. Chukua urefu wa mpako kwa futi, toa 31. Jibu ni ubao ambao tufe lianze kugeukia. 42 toa 31 ni 11. Mimi nilikuwa kwenye wa 7, mbao nne nje ya njia. Kwenye mpako wa futi 35, toa 31, unapata ubao wa 4: hapo lazima uende pembeni kabisa karibu na mfereji, kwa sababu mafuta yanaisha mapema na tufe lina futi 25 za kujipinda. Mpako mrefu unakuvuta ndani, mpako mfupi unakusukuma nje. Hesabu hiyo ni ya kuanzia tu, ukisharusha viwili vitatu tufe litakurekebisha, lakini inakutoa kwenye giza.

Chama cha wachezaji wa kulipwa, PBA, kimeipa mipako yake majina ya wanyama. Duma ni mfupi, wa futi 35 hivi. Papa ni mrefu sana. Nyegere umefika futi 52, yaani pakavu panabaki futi 8 tu kabla ya pini. Wale mnaowaona kwenye televisheni wakipata 220 kwenye mipako hiyo, tafadhali msiwalinganishe na 220 ya ligi ya Jumanne.

#12 Mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili

Umenielewesha, lakini swali langu la pili bado. Mwenye ukumbi anaweza kupendelea?

#13 Fundi wa Leni

Ndiyo, anaweza kuifanya leni iwe rahisi kupita kiasi, na ndiyo maana kuna kanuni na ukaguzi. Ngoja nikupe kisa ambacho mafundi wote wa leni wanakijua.

Tarehe 1 Julai 1982, huko La Habra, California, Glenn Allison, mtu aliyekwisha kushinda mashindano ya PBA enzi zake, alicheza ligi yake ya kawaida ya usiku. Akapiga straiki 36 mfululizo. Michezo mitatu, 300, 300, 300, jumla 900, pointi zote zinazowezekana. Wakaguzi wa chama cha wakati ule, ABC, wakazipima leni alizochezea, ya 13 na ya 14. Wakasema hali ya mafuta haikukidhi kanuni, wakakataa kuitambua rekodi.

Miaka kumi na mitano ikapita. 900 ya kwanza kutambuliwa ni ya Jeremy Sonnenfeld, kijana wa chuo kikuu, tarehe 2 Februari 1997, Lincoln, Nebraska.

Kisa hiki nimekifikiria mara nyingi nikiwa nyuma ya mashine. Naheshimu kanuni, bila kanuni pointi hazina maana. Lakini usiku ule wachezaji wengine walicheza kwenye mafuta yaleyale, na hakuna mwingine aliyepiga 36. Mafuta yalimfungulia mlango, kuupita mara 36 bila kutetereka ni kazi yake. Na anayeweka mafuta ameshika sehemu ya heshima ya mchezaji mikononi mwake. Mimi naipima mashine kila wiki kwa sababu ya mtu huyo.

#14 Mzee wa Keramu

Vijana, hii inanikumbusha keramu barazani kwetu Tanga. Tulikuwa tunanyunyiza unga ubaoni ili kete ziteleze. Ukizidisha, kete zinakimbia ovyo. Ukipungua, zinakwama njiani. Na wale mafundi hasa walikuwa wanapitisha kiganja ubaoni kabla ya kucheza, wanajua unga umekaa wapi. Sasa nyinyi leni hamruhusiwi kuigusa. Mnajuaje mafuta yako wapi? Kwa nini wasiyatie rangi yakaonekana?

#15 Fundi wa Leni

Shikamoo mzee. Mfano wako wa keramu nitauiba, ni bora kuliko wangu wa gari.

Rangi imewahi kutiwa. PBA wametumia mafuta ya bluu ili watazamaji wa televisheni waone yanavyochakaa, na kwa kweli inapendeza kuona ile bluu inavyoanza kutoboka njia katikati. Lakini leni za kila siku hazina rangi, na mchezaji haruhusiwi kukanyaga ng'ambo ya mstari kwenda kupapasa.

Kiganja chetu ni tufe. Likirudi, kabla hujalipangusa, ligeuze uangalie. Utaona duara za mafuta zimezunguka ganda. Zikiwa nene na zimejaa, ujue ulipopita bado kuna mafuta. Zikiwa nyembamba na hafifu, ile njia inakauka. Zikiwa zimeachana vizuri kama mistari ya kanga, mhimili unahama na kila mzunguko unapata ganda kavu. Mimi hutazama kila kirusho, ni kazi ya sekunde mbili.

Jingine ambalo keramu pia inalijua: ubao wenyewe kuinama. Kanuni inaruhusu leni ipinde isizidi sehemu 40 za elfu ya inchi, kama milimita moja. Milimita hiyo, tufe likiwa linateleza, inatosha kulivuta kando. Ndiyo maana leni mbili za jirani, mafuta yaleyale, mashine ileile, zinacheza tofauti. Zikikufanyia hivyo usibishane nazo, kila leni iwekee hesabu yake.

#16 Mwalimu wa Tukuyu

Hilo la milimita moja nimelichukua kwa ajili ya darasa la kesho. Asante.

#17 Bi Sauda wa Deira

Fundi, nimerudi. Jana ligi. Mchezo wa kwanza 172, nikawa natazama pale linapogeukia kama ulivyosema. Katikati ya mchezo wa pili nikaona kona imesogea karibu, na pini bado zinaanguka. Moyo ukasema baki, nikakumbuka maneno yako, nikasogea mbao mbili. Kirusho cha kwanza nilifumba macho nusu. Straiki. Nimemaliza 188.

Mchezo wa tatu nimesogea mara mbili zaidi, nimesimama mahali ambapo sijawahi kusimama maisha yangu, nikapata 176. Ila fremu (zamu) tatu za mwisho pini ya 10 imebaki kila mara, na tufe linaingia pazuri. Hapo nifanye nini?

#18 Fundi wa Leni

Dada Sauda, kutoka 134 mpaka 176 kwenye mchezo wa tatu! Hongera sana, nimesoma ujumbe wako nikiwa kazini nikampigia mke wangu simu kumsomea.

Pini ya 10 kubaki huku tufe likiingia pazuri maana yake limefika limechoka, limeanza kubingirika mapema. Mwanzo wa leni umekauka mno hata hapo ulipohamia. Kwanza jaribu kurudi nyuma hatua ya nusu futi pale unapoanzia, uongeze kasi kidogo bila kukaza mkono. Isipotosha, hapo ndipo unahitaji tufe la pili lenye ganda lililong'arishwa, litateleza mbele zaidi kabla ya kushika. Hilo lako likoje, limekwaruzwa au linang'aa? Na mara ya mwisho kulitoa mafuta yaliyomo ndani ilikuwa lini?

#19 Bi Sauda wa Deira

Kulitoa mafuta ya ndani? Sijawahi tangu nilinunue. Mwaka wa tatu huu.

#20 Fundi wa Leni

Basi kabla ya kununua lolote, lipeleke kwa fundi wa matufe hapo ukumbini kwenu alitoe mafuta kwa moto mdogo, halafu aguse ganda upya kwa msasa laini. Usilichemshe wala usiliweke juani nyumbani, litapasuka. Likirudi litashika zaidi kuliko unavyolijua, kwa hiyo siku ya kwanza anza mbao tatu kushoto ya kawaida yako. Niandikie matokeo.